Kila Mtu Alete Ua

Mama Pasi alikuwa na maneno mengi mdomoni na machache kwenye karatasi. Kuongea, angeongea nawe tangu maji yanatengwa jikoni mpaka yanakauka, na bado angekusindikiza hadi mlangoni akiwa na jambo dogo la kumalizia. Kuandika ndiko kulikokuwa shughuli. Shule aliishia ya msingi, na baada ya hapo maandishi yake yote yalikuwa vijikaratasi vya nguo. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ghorofa alimokaa, chenye milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa nyuma, na kila nguo iliyoingia humo aliibana kijikaratasi kwa pini: "Shati. Doa kolani." "Gauni. Linachuja." "Suruali. Usikunje." Hakuona nguo iliyohitaji zaidi ya maneno matatu, na kwa miaka yote hiyo hakupoteza hata soksi.

Mgongo ulipoanza kumgombeza aliacha kazi, lakini chumba hakukitoa. Kilikaa kimya muda mrefu, kikinuka sabuni na joto la zamani, mpaka siku alipobisha hodi Honi. Huyu alikuwa dereva wa lori mstaafu, na jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti yake, maana akikunong'oneza siri, jirani wa ghorofa ya tatu anaitikia. Honi alikuwa amekusanya watu wa kujitolea kusafisha bonde lililo nyuma ya maghorofa kila Jumamosi, na hawakuwa na pa kuweka vyombo. Mama Pasi alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kila jembe lirudi limeoshwa.

Basi mashelfu yaliyobeba mashuka ya watu yakabeba majembe, mapanga na ndoo, na kila chombo kikapata kijikaratasi chake. "Jembe. Mpini umelegea." "Toroli. Linavuta kushoto." "Reki. Kibogoyo." Watu walisoma wakacheka, wakachukua, wakarudisha. Jumamosi za kwanza Mama Pasi alikuwa anagawa vyombo tu na kubaki mlangoni. Halafu akaanza kushuka bondeni kuona vinavyotumika. Halafu akawa anasimama kando na kuelekeza. Mwishowe akaja na kipande cha gunia, akakikunja, akakiweka chini ya magoti, na tangu hapo mgongo ulisahau kugomba, au uligomba asiusikie.

Bonde lenyewe hapo mwanzo lilikuwa aibu. Magodoro yaliyotoka matumbo, sufuria zilizotoboka, mifuko iliyong'ang'ania kila tawi, na katikati yake kijito kilichokuwa kinapita kwa shida kama mtu anayepenya kwenye foleni. Wakatoa taka. Wakazibua kijito. Wakang'oa magugu yaliyokuwa yanasonga miche, lakini kando ya maji waliacha nyasi zikue zitakavyo, kwa sababu vyura walirudi humo, na kerengende, na vipepeo wadogo wa manjano ambao Mama Pasi alisema wamepigwa pasi wakakunjwa katikati. Kinyozi wa mtaani, aliyekabidhiwa mkasi mkubwa wa majani, alikatazwa kabisa kusogelea ukingo huo. Mkono wake ulikuwa hauwezi kuona kitu kirefu ukakiacha. Siku moja walimkuta keshakinyoa kichaka kizima, amekichonga na panki pembeni, naye amesimama nyuma yake anatafuta wapi pa kushikia kioo.

Tatizo lililobaki lilikuwa pikipiki. Waendeshaji walishagundua kwamba bonde likiwa safi ni njia ya mkato, na kila wiki miche iliyopandwa Jumamosi ilikuwa imelala chini kufikia Jumatano. Honi na Mama Pasi walikutana kwenye manyunyu siku moja, wawili tu kwa sababu wengine walikimbia mvua, wakakata shauri: upande ule wa barabara upandwe ua. Si wa mabati wala wa waya. Ua wa miti, ile inayoshika kwa kijiti tu, ili ndege nao wapate pa kukaa. Kila mtu achume vijiti anakovijua, avilete Jumamosi.

Simu ya Honi ilikuwa imezimika, kwa hiyo kazi ya kuwaarifu watu ikamwangukia Mama Pasi. Honi akamwambia aandike vizuri, aeleze. Mama Pasi akavaa miwani, akaketi kitandani, akawaza kama alivyozoea kuwaza na pini mdomoni. Kisha akawaandikia wote ujumbe mmoja: "Jumamosi kila mtu alete ua." Akausoma mara ya pili. Akaona hata hilo neno "Jumamosi" ni la ziada, maana siku wanaijua, lakini akaliacha.

Kusema kweli, siku hiyo akili yake ilikuwa mbali. Jumamosi hiyohiyo alikuwa anakuja binti yake kumchukua.

Binti yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Mwaka uliotangulia, kabla Honi hajabisha hodi, Mama Pasi alishikwa na homa akalala ndani siku mbili, mlango umefungwa, simu imeisha chaji, na mtaa mzima ukaendelea na mambo yake usijue hili wala lile. Homa iliondoka yenyewe. Binti aliposikia hakugomba. Alilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akauliza swali ambalo Mama Pasi hakuweza kulijibu: "Ungekufa humo ndani, nani angejua?" Tangu hapo kila simu iliishia palepale. Chumba kipo, mama, kina dirisha, uko tayari lini? Na Mama Pasi, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, alikosa neno moja la kumpa mwanawe. Alisema tutaona, alisema karibu, alisema haya. Habari za bonde hakuzigusa kabisa, kwa sababu alijua ataulizwa ni mgongo upi huo unaolima. Mwishowe binti akasema Jumamosi anakuja na pikapu, na mama akasema haya tena.

Hakuwaambia watu wa bonde pia. Alipanga wapande ua, wanawe mikono, kisha amwite Honi pembeni ampe ufunguo wa chumba. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikunja godoro, akafunga vyombo kwenye shuka, na pasi yake ya chuma akaifunga peke yake kwenye taulo.

Asubuhi akashuka kufungua mlango wa barabarani. Wa kwanza kufika alikuwa mama muuza vitambaa, amebeba ua. Waridi la plastiki, jekundu, bado lina kibandiko cha dukani. Mama Pasi akalitazama, akamtazama mwenyewe, akadhani ni zawadi, akashukuru. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, na ua lake jeupe kwenye chupa ya maji. Wa tatu ua la njano kwenye kopo la rangi. Kisha mume na mke, ua moja wawili, wanagombana kimyakimya nani alibebe. Kisha Kinyozi, na kitu cha zambarau alichokichuma njiani, kimeshalegea shingo. Wakaja wengine, na wengine, watu ambao Jumamosi nyingine huwa wana udhuru, kwa sababu ua moja nani atashindwa kuleta. Wakapanga mstari kando ya ukuta, kila mtu na lake mkononi, wakingoja kuambiwa.

Fundi baiskeli peke yake alikuja na kipande cha wavu wa waya mabegani. Akasimama akawatazama wenzake.

"Ua si huu?" akauliza.

"Ua ni hili," akasema mama muuza vitambaa, akamwonyesha la plastiki.

Hapo ndipo Mama Pasi alipohisi damu inampanda masikioni. Honi naye akatokea na baiskeli, nyuma amefunga vijiti vya ua wake, kifungu kidogo ambacho kisingetosha kuzungushia kuku. Akawapita wote mmoja mmoja kwa macho, kama anayekagua gwaride. Akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, ule ujumbe ulisema nini hasa.

Mwalimu akausoma kwa sauti. Watu wakainamisha vichwa, wengine kwa kucheka, wengine kwa kumwonea haya. Mwalimu akasema taratibu kwamba lingeongezwa neno moja tu, ua *wa* nini, kila mtu angejua. Kisha akajishika paji la uso. Shuleni kwake wiki hiyo walikuwa wamepunguza ua wote wa uwanja, matawi yako rundo kubwa nyuma ya madarasa yanangoja kutupwa, na yeye asubuhi hiyo alilizunguka rundo lile kwenda kuchuma ua jeupe.

Mama Pasi akasema anakwenda kuleta toroli. Toroli halikuwa linahitajika. Aliingia ndani mpaka kwenye kona ya mashelfu, akainama kama anayetafuta kitu, akabaki hivyohivyo. Siku ya mwisho, alijiambia. Siku ya mwisho na ndiyo hii nimewaachia.

Nje, pikapu ikasimama upande wa pili wa barabara.

Kilichofuata binti yake alimsimulia baadaye, na kila alipokisimulia alikiongezea chumvi kidogo, lakini chanzo ni hiki. Alishuka kwenye gari akaona mlango wa chumba cha mama yake uko wazi. Akaona watu wamejipanga ukutani, wamenyamaza, vichwa chini, kila mmoja ameshika ua. Muuguzi haulizi mara mbili kitu anachokijua. Akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, machozi tayari yako kidevuni. Kinyozi, akiona dada wa watu anakuja analia na wala hajui analilia nini, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu angefanya.

"Pole sana, dada," akamwambia. "Ingia tu. Yuko ndani."

Mama Pasi alisikia mlio ambao hakuwa ameusikia tangu mtoto huyo alipovunjika mkono akiwa na miaka sita. Alijinyoosha haraka, kichwa kikagonga shelfu, reki ile kibogoyo ikaanguka, na kabla hajageuka binti yake alikuwa amemvaa mgongoni, anamshika uso, mabega, anamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo ya moyo ya mtu aliyesimama anamtazama.

"Una nini, mwanangu? Nani amekufa?"

Binti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka huku bado analia, na vyote viwili vikamchanganyikia kooni mpaka akapata kwikwi. Huko nje Honi alikuwa amekwisha kuelewa, na alimweleza Kinyozi kwa mnong'ono wake, hivyo na mtaa mzima ukaelewa. Kinyozi aliweka ua lake chini taratibu. Alisema hatampa tena mtu pole mpaka kwanza aone cheti cha kifo.

Ilibidi binti aelezwe yote tangu mwanzo. Bonde, miche, pikipiki, ua na ua. Mama yake alieleza akiwa anatazama sakafu, kama aliyekutwa na kitu cha watu mfukoni. Binti alisikiliza akiwa anapangusa macho na kusoma vijikaratasi vya mashelfu, kimoja baada ya kingine. Kwenye kile cha toroli alitabasamu. Hakusema neno kuhusu mgongo.

Ni mwalimu aliyeuliza, kwa adabu, kama pikapu ile ina haraka. Shule haiko mbali. Binti akatazama gari alilolikodi kuhamishia mama yake. Akamtazama na dereva, aliyekuwa amejilaza kwenye usukani anangoja mizigo. Kisha akasema ameshalikodi mpaka jioni, kwa hiyo libebe chochote.

Liliondoka na mwalimu, Honi na fundi baiskeli. Lilirudi limefunikwa matawi mpaka huoni vioo, dereva ametoa kichwa dirishani apate kuona njia. Watu wakapiga vigelegele, na kazi ikaanza. Kinyozi alipewa rundo zima akate vijiti vya urefu mmoja, akafurahi kama mtu aliyefunguliwa; alikata, akalinganisha, akapuliza vumbi kwa mazoea. Fundi baiskeli alinyoosha kamba. Mama Pasi alitangulia kwa magoti juu ya gunia lake, akipima shubiri mbili kwa kila tundu, na nyuma yake binti akifuata na vijiti. Alivichoma ardhini kama anayechoma sindano, haraka na bila huruma. Mama yake akamwambia ashindilie udongo, mti hauna haja ya pamba. Mama muuza vitambaa alitaka kujua na la plastiki lipandwe wapi. Akaambiwa alirudishe dukani, kibandiko bado kipo. Yale maua mengine waliyapanda ndani, kwa upande wa kijito, na yasiyokuwa na mizizi waliyatia kwenye kopo mlangoni.

Walipomaliza, mstari wa vijiti ulikuwa umesimama kando ya barabara, mwembamba na wa kuchekesha, huwezi kumzuia nao hata bata. Mwendesha pikipiki mmoja alifika, akapunguza mwendo, akatazama umati ule wenye majembe, akageuza.

Mama na binti walikwenda bombani kunawa. Bomba lilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, na mama alimfungulia binti kwanza, kama zamani. Binti alisugua kucha. Akauliza bila kuinua kichwa kama mizigo iko tayari juu.

"Iko tayari," akasema Mama Pasi.

"Na wewe?"

Mama Pasi aliyatafuta yale maneno yake mengi, akakuta hayapo. Yalikuwepo matatu tu.

"Sitaki kwenda, mwanangu."

Binti akafunga bomba. "Miezi yote hii nimekuuliza. Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza kama niko tayari. Hukuniuliza kama nataka." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nami nilikuwa sina la kukujibu lile swali lako. La kufia ndani."

Kutoka barabarani sauti ya Honi ilikuwa inasikika, anagawa zamu. Vijiti vilivyopandwa leo, alikuwa anasema, vinataka maji kila siku mpaka vishike, si Jumamosi peke yake. Bomba la karibu ni la Mama Pasi, kwa hiyo mwenye zamu amgongee asubuhi. Jumapili Kinyozi. Jumatatu mwalimu, kabla ya shule. Jumanne yeye mwenyewe, na asiyeamka atapigiwa kelele. Na mwenye zamu akigonga asifunguliwe, asiondoke. Tangu lini Mama Pasi analala jua likitoka.

"Ua unachukua muda gani kukua?" binti akauliza.

"Kufika kiunoni? Miaka mitatu. Hiyo ni Kinyozi akiwekwa mbali."

Binti akacheka kwa pua, akalipandisha jicho dirishani kwa mama yake, palipokuwa patupu bila pazia. Akatoka kwenda barabarani. Mama Pasi alimwona akimwendea Honi, kisha Kinyozi, kisha mwalimu, akiwapa simu yake wamwandikie namba zao, na kwa kila mmoja akisimama kidogo na kusema jambo kwa sauti ya chini, na kila mmoja akiitikia kwa kichwa, mwenye sura ya kuapishwa. Dereva wa pikapu aliuliza mizigo ya kuhama iko wapi sasa, jua linakwenda.

"Mzigo umegoma," binti akamwambia.

Alilala hapo usiku ule. Walikunjua godoro, wakarudisha pazia, na wakalala pamoja, binti akilalamika kwamba mama yake anavuta shuka. Alfajiri alipanda basi la kwanza kwa sababu alikuwa na zamu hospitali. Alisema atakuja tena mwisho wa mwezi kuona ua, na kwamba siku Honi atakapompigia kusema mlango haufunguki, pikapu itarudi, na safari hiyo mzigo haugomi. Mama Pasi alisema haya. Safari hii lilikuwa haya la kweli.

Alirudi kitandani. Hakuwa amepata hata usingizi wa kutosha kuota, mlango ukagongwa. Aliuacha kwanza. Ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi, na mtu akaita mama, mama, kwa sauti iliyoanza kupanda. Mama Pasi akajifunga kanga, akaburuza ndala, akafungua. Kinyozi alikuwa amesimama na ndoo mbili, anahema.

"Wewe umekuja kuchungulia kama nimekufa," Mama Pasi akamuuliza, "au unataka maji?"

"Vyote viwili, mama," akasema Kinyozi. "Shikamoo."

"Marahaba. Sijafa. Pita ukinge, na ndoo zangu usizigonge ukutani."